Kwa Nini Mfukoni Mwangu Bado Kuna Tochi ya Globu

Kahawa iliyoiva sawasawa ina wekundu wake, na tochi nyingi zinazouzwa Moshi siku hizi haziuonyeshi. Kwetu Uru, nje kidogo ya mji wa Moshi, kahawa iliyochumwa mchana inatakiwa imenywe, yaani itolewe ganda, siku hiyohiyo, la sivyo inaanza kuchacha ikiwa bado ndani ya ganda lake na ladha inaharibika. Kwa hiyo msimu ukikolea, kazi ya kuchambua inaingia usiku. Umekaa na beseni mbele yako, unatoa mbichi, unatoa zilizoiva nusu, unatoa zilizotobolewa na wadudu. Ukimulika kwa tochi ya LED ya bei ya kawaida, ile yenye mwanga mweupe unaoelekea bluu, kahawa mbivu inapauka, na ile ya rangi ya chungwa inafanana nayo mpaka uisogeze karibu na macho. Ukimulika kwa tochi ya globu, nyekundu inakuwa nyekundu, chungwa inakuwa chungwa, na mkono unachambua bila kusitasita.

Najua naandika habari za kitu ambacho wengi wameshakiweka kando. Kila nikiitoa mfukoni kuna mtu ataniuliza kwa nini sinunui ya kuchaji. Ninayo ya kuchaji. Inakaa juu ya friji, na umeme ukikatika ndiyo inayoangaza sebule nzima. Kwa kazi hiyo siwezi kuibadilisha na globu yoyote. Ninayoizungumzia hapa ni tochi ya kutembea nayo, ya kuangalia kilicho mikononi mwangu na hatua chache mbele ya miguu yangu. Kwa kazi hiyo nimejaribu nyingi, nimezilinganisha, na nimefika mahali nina jibu.

Kwanza hili la rangi, maana ndilo msingi wa yote. Ndani ya globu kuna uzi mwembamba wa tungsteni uliosokotwa kama springi. Umeme ukipita, uzi unapata moto mpaka unang'aa. Kitu kinachong'aa kwa sababu ya joto kinatoa rangi zote kwa mfululizo bila pengo, tena nyekundu na chungwa kwa wingi kuliko bluu. LED nyeupe ya kawaida inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa: ndani mna chipu inayotoa mwanga wa bluu, na juu yake umepakwa unga maalumu unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Bluu na njano zikiingia pamoja machoni tunaona nyeupe. Ila nyekundu iliyokolea ni chache sana katika mchanganyiko huo, na kitu chekundu hakiwezi kurudisha rangi ambayo haikukifikia. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kazi iliyoleta LED ya bluu, na walistahili kabisa; nyumba ngapi vijijini zimeachana na kibatari kwa sababu yao! Siku hizi zipo pia LED zilizotengenezwa makusudi ili zionyeshe rangi vizuri. Lakini hizo si zile zinazoning'inia dukani kwa Mangi, kama tunavyomwita mwenye duka.

Si kahawa peke yake. Mbuzi akiinamisha kichwa na kuacha kula usiku, jambo la kwanza ni kumfungua kope ya chini na kutazama rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu au ya waridi, damu ipo. Ikiwa imepauka kuelekea nyeupe, huenda minyoo ya tumboni inamnyonya damu na anahitaji dawa. Wataalamu wa mifugo wana hata kadi ya rangi kwa ajili ya kipimo hicho, FAMACHA, iliyotokea Afrika Kusini, na inatakiwa kusomwa kwenye mwanga wa jua. Jua likiwa limezama, mwanga wenye rangi zote kwa mfululizo kama lake ndio ninaoutaka zizini. Kwa tochi nyeupe-bluu, mbuzi mzima na mbuzi mgonjwa wote wanaonekana wamepauka. Fundi umeme naye anajua: waya mwekundu na waya wa kahawia ndani ya boksi lenye giza si kitu cha kubahatisha.

Sasa nikisema tochi ndogo, namaanisha ya kuingia mfuko wa shati au wa koti bila kuuvuta chini. Hapo zile tochi za bati za mawe mawili na mawe matatu zinatoka kwenye orodha, ingawa ndizo zilizotulea. Baba yangu alikuwa nayo ya mawe matatu, na ndani yake zilikaa betri za National zilizotengenezwa Dar es Salaam, au Eveready kutoka kiwanda cha Nakuru, Kenya, ambacho kilifungwa mwaka 2014. Zilipochoka tulizianika juani ili tuzikamue tena usiku mmoja. Tochi ile ilikuwa ya kwenda nayo safari, kuning'inia begani, kutuliza mbwa. Haikuwa ya mfukoni.

Moshi ina bahati yake katika jambo hili, na bahati hiyo ni mlima. Wageni wanaopanda Kilimanjaro huja na vifaa vizuri, na wengi wakimaliza huwaachia waongozaji na wagumu, yaani wapagazi, sehemu ya vitu vyao. Vingine hutumika, vingine huuzwa. Ukizunguka soko la mitumba la Memorial kwa subira, kati ya viatu vya mtumba, majaketi na mifuko ya kulalia, utakuta kopo lenye vitu vidogovidogo: visu, dira, miwani, na tochi. Kati ya tochi hizo mara mojamoja imo ya miaka ya 80 au 90, alumini tupu, imekwaruzika lakini nyuzi zake za kufungia ni nzima. Wauzaji wengi hawazithamini kwa sababu haziwaki kwa ukali.

"Hiyo mwanga wake mdogo, kaka," muuzaji mmoja aliniambia. "Chukua hii ya LED, inamulika mpaka Majengo."

"Mimi nataka ya kumulikia beseni, Mangi."

Akanipunguzia bei papo hapo.

Katika kuzunguka huko nimeshika tochi za globu ndogo za kila namna, na tatu ndizo zinazostahili kuzungumzwa. Zile za plastiki za betri mbili za saa ya ukutani zilizokuwa zikiuzwa kila duka naziacha haraka: globu yake ya kukaza kwa nyuzi ni rahisi kupatikana, hilo ni jema, lakini swichi yake ni kipande cha bati kinacholegea, na tochi unayolazimika kuipigapiga ili iwake haifai kuwa ya kuchagua.

Ya kwanza kati ya tatu ni SureFire 6P. Huyu ni mfalme wa tochi ndogo za globu, na sitaki kumnyima haki yake. Ina urefu wa kiganja, imetengenezwa kama kitu cha jeshi, na inatumia betri mbili za lithiamu aina ya CR123A, kila moja volti 3, jumla volti 6. Globu na kisahani chake cha kuakisia vimeunganishwa kuwa kifaa kimoja kinachoitwa P60, kinachotoa lumeni 65 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) kwa muda wa saa moja hivi. Ukitaka ukali zaidi unaweka P61, lumeni 120, lakini betri zinakwisha ndani ya dakika 20 tu. Mwanga wake ni mzuri kupita kiasi: mnene, wa njano iliyosafika, na ukimulika mti wa grevilea unaona kila ufa wa gome. Kama ningechagua kwa macho peke yake, makala hii ingeishia hapa.

Lakini tochi inakula, na chakula cha 6P hakiuzwi ninakopita. CR123A ni betri ya kamera za filamu za zamani. Katika maduka ya Uru, Kibosho, hata ya mjini Moshi, mwenye duka atakutolea betri za rimoti, betri za saa, na mawe ya redio. Ukiagiza CR123A kutoka mbali, kila saa moja ya mwanga inakugharimu betri mbili za gharama. Na globu ikiungua, hubadilishi globu tu, unabadilisha kifaa kizima pamoja na kisahani chake. Tochi ya namna hiyo unaishia kuihurumia, unaiacha kabatini ili isikwishe. Mimi nataka tochi ninayoitumia.

Ya pili ni Solitaire ya kampuni ya Maglite, iliyotoka mwaka 1988. Ni ndogo kuliko kidole changu, betri moja ya rimoti, lumeni 2 hivi. Inafaa kutafutia tundu la kufuli. Kwa njia ya kihambani, yaani shambani kwenye migomba na kahawa, haitoshi, na sina zaidi la kusema juu yake.

Ya tatu ndiyo niliyoichagua: Mini Maglite ya betri mbili za AA, yaani betri za saa ya ukutani. Ilitoka mwaka 1984 kutoka kiwanda cha Mag Instrument huko California, cha Anthony Maglica, mtu aliyezaliwa New York na kukulia Kroatia. Urefu wake unakaribia sentimita 15, unene wake ni wa betri pamoja na ganda la alumini basi. Lumeni zake ni kama 14, namba ambayo vijana wakiisikia wanacheka. Ila lumeni 14 zilizokusanywa mahali pamoja, kwa jicho lililokwisha kuzoea giza, ni nyingi kuliko inavyodhaniwa, na hazikupofushi ukiinua macho kutoka kwenye beseni.

Ninachokipenda hasa ni jinsi ilivyofikiriwa. Haina kitufe. Unazungusha kichwa, inawaka. Unaendelea kuzungusha, duara la mwanga linatoka kuwa jembamba mpaka kuwa pana, kwa sababu kisahani kinapanda na kushuka kuizunguka globu. Ukifungua kichwa chote na kukiondoa, globu inabaki wazi na tochi inageuka mshumaa: unakiweka kichwa chini kama kitako, unasimamisha mwili wake humo, na meza nzima inapata mwanga laini. Na kwenye kifuniko cha mkiani, nyuma ya springi, imefichwa globu ya akiba. Mtu aliyeichora alijua kwamba globu huungua wakati usiotaka, na akakupa jibu ndani ya tochi yenyewe. Globu hiyo ina miguu miwili membamba ya kuchomeka, haina nyuzi za kukaza, na hata gizani unaweza kuibadilisha ukitulia na vidole vyako. Jizoeze mchana kwanza, miguu ile inapinda kirahisi.

Hapa ndipo inabidi tuongee kuhusu kuungua kwa globu, maana watu wengi waliziacha tochi hizi wakidhani globu zake ni mbovu. Tungsteni inayeyuka kwenye nyuzi joto 3,422 za selisiasi, hakuna metali inayoishinda kwa hilo, na ndiyo maana iliuondoa uzi wa kaboni uliokuwa kwenye tochi za mwanzo. (Hati miliki ya tochi ya mkono aliipata David Misell huko Marekani tarehe 10 Januari 1899, na kwa uzi wa kaboni na betri dhaifu za wakati ule, tochi zile ziliwashwa kidogo kisha zikapumzishwa.) Lakini hata tungsteni inapong'aa inapungua, chembe kwa chembe, kama mvuke. Ndiyo sababu globu ya kizamani hupata weusi ndani ya kioo chake. Watengenezaji hujaza gesi nzito, kriptoni au zenoni, ili kupunguza kasi ya chembe hizo kuruka. Pale uzi unapokuwa mwembamba kuliko kwingine panapata moto zaidi, panaendelea kupungua, na siku moja panakatika.

Mara nyingi panakatika wakati wa kuwasha. Uzi ukiwa baridi, ukinzani wake kwa umeme ni kama sehemu moja ya kumi ya ule wa ukiwa na moto, kwa hiyo sekunde ya kwanza umeme unaingia kwa kishindo. Ukiwa unatembea njia mbaya usiku, afadhali uiache inawaka kuliko kuiwasha na kuizima kila hatua kumi. Na usiidondoshe ikiwa inawaka, uzi wenye moto ni laini.

Kisha kuna volti. Globu inaadhibu volti iliyozidi kuliko kitu kingine chochote. Ukiongeza volti kwa asilimia 5 tu, mwanga unaongezeka karibu asilimia 18, na maisha ya globu yanapungua karibu nusu. Kwa sababu hiyo sipendi kuweka betri za lithiamu za AA kwenye Mini Maglite: zikiwa mpya zinazidi volti ya kawaida, mwanga unapendeza, na globu inalipa. Zinafaa kwa baridi kali peke yake. Mwongozaji mmoja jirani yangu alikuwa akizitumia usiku wa kwenda kileleni, wakiondoka kambi ya Barafu karibu na saa sita usiku kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kule betri za kawaida zinalegea kwa baridi na mwanga unageuka mwekundu kama kaa la moto, isipokuwa tochi uiweke ndani ya jaketi kifuani mpaka utakapoihitaji. Siku hizi yeye na wenzake wote wanavaa tochi za LED za kichwani, na wako sahihi. Mtu anayeongoza wageni gizani kwenye changarawe inayoteleza anahitaji mikono miwili na saa nyingi za mwanga.

Betri za bei ya chini kabisa, zile za zinki na kaboni, nazo hazifai humu. Zinafaa saa ya ukutani inayokunywa tone kwa tone. Globu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri hizo zinazama ndani ya muda mfupi. Nunua alkalini. Za kuchaji, zile za NiMH, nazo ni nzuri sana kwa kazi ya nyumbani: volti yake ni 1.2, chini kidogo ya alkalini mpya, kwa hiyo mwanga unaanza na unjano zaidi, lakini unabaki hivyohivyo karibu mpaka mwisho, na globu inadumu. Zikifika mwisho zinaanguka haraka. Kwa hiyo kuchambua kahawa natumia za kuchaji, kutembea natumia alkalini.

Na kutembea ndiko kunakonipa sababu ya pili ya kuipenda globu. Alkalini ikichoka, globu inakuambia mapema. Mwanga unatoka njano kwenda chungwa, unapungua kidogo kidogo, na hata ulipofika hapo bado unaona ukingo wa njia kwa muda mrefu. Tochi nyingi za kuchaji zina saketi inayoshikilia mwanga uleule mpaka betri inapofika kikomo, halafu zinazima. Wakati wa zamu ya maji, ukiwa umeenda peke yako kufungua mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, juu kwenye migomba, hutaki kuzimikiwa ghafla ukiwa umesimama kwenye kingo ya mfereji. Nataka kujua robo saa kabla.

Juu ya ukungu wetu wa Juni na Julai, watu husema mwanga wa njano unaupenya na mweupe haupenyi. Nimeufikiria sana usemi huo kwa sababu ungenisaidia kutetea tochi yangu, lakini si kweli. Matone ya ukungu ni makubwa kuliko mawimbi ya mwanga, yanatawanya rangi zote karibu sawa. Kinachosaidia ni kubana duara liwe jembamba, kutumia mwanga wa kiasi, na kuishika tochi chini usawa wa kiuno, ili mwanga unaorudishwa na matone usirudi moja kwa moja machoni. Mini Maglite inafanya yote matatu. Tochi ya kichwani inafanya kinyume: inakaa karibu na jicho, na mbele yako unaona ukuta mweupe.

Ukiikuta sokoni, usiulize kwanza kama inawaka. Fungua mkia. Ugonjwa wake mkubwa ni betri ya alkalini iliyovuja na kung'ang'ania ndani, kwa sababu nafasi kati ya betri na alumini ni ndogo sana, na maji yale ya betri yanaila alumini. Ukiona unga mweupe kidogo, siki au ndimu kwenye pamba iliyozungushiwa kijiti inausafisha, kisha futa kwa kitambaa chenye maji na uache ikauke kabisa. Betri ikiwa imekwama na haisogei hata ukiigonga taratibu kwenye kiganja, iache. Angalia pia kama globu ya akiba bado imo chini ya springi. Wauzaji wengi hawajui kama ipo, na ukiipata umepata vitu viwili kwa bei ya kimoja. Mpira mweusi unaozunguka shingo ukiwa umekauka, paka mafuta ya silikoni kidogo. Usipake mafuta ya petroli ya kujipaka mwilini, yanavimbisha baadhi ya mipira.

Shida iliyobaki ni globu. Maduka ya vifaa hapa mjini hayana tena zile za miguu miwili, na ninazozipata ni kwa kuagiza au kwa kununua tochi mbovu ili nitoe globu iliyomo mkiani. Mtoto wa dada yangu, kijana mwenye akili ya ufundi, ameniambia kuna LED ya kuchomeka palepale pa globu, mwili wa tochi ukabaki uleule na betri zikadumu mara nyingi zaidi. Ninaamini. Alitaka anifanyie hiyo kazi Krismasi. Nikamnunulia Mini Maglite nyingine, ile iliyokuwa na kioo kilichopasuka, aifanye ya kwake apendavyo. Ameshaibadilisha na inamulika mpaka juu ya migrevilea. Msimu huu tulichambua kahawa ya bibi yake tukiwa na zote mbili, yake ikielekezwa kwenye mashine ya kumenyea na yangu kwenye beseni. Baada ya gunia la kwanza alihamia upande wa beseni.